Kupiga ski msituni na mzazi mwenye umri: Jay Peak au Steamboat? Anza na magoti na mapafu yake

Watu wengi wakitaka kuchagua mlima wa kupiga ski msituni, yaani kuteleza kwenye theluji katikati ya miti, wanaanza na theluji, wapi inaanguka nyingi, wapi miti imekaa vizuri, wapi kuna video kali. Ukiwa unaenda na mzazi aliyevuka miaka 65 hilo liwe swali la tatu. La kwanza magoti yake yana hali gani, la pili mapafu na moyo wake vina hali gani, na majibu ya hayo mawili yanaweza kukupeleka kwenye milima miwili tofauti kabisa. Mmoja uko Vermont karibu na mpaka wa Kanada, unaitwa Jay Peak. Mwingine uko kaskazini mwa Colorado, unaitwa Steamboat. Yote miwili imejulikana kwa misitu yake, yote miwili inatangaza wastani wa karibu mita 8 za theluji au zaidi kwa msimu, na yote miwili nimeenda na baba yangu, kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyoviona nikiwa na mtu wa umri huo pembeni, sio vya kwenye vipeperushi.

Nianze na mzazi mwenyewe manake bila hilo ulinganisho hauna maana. Sizungumzii mama aliyefika juzi kutoka Dar kuja kuona wajukuu, huyo mpeleke akaone theluji, apige picha, anywe chai, basi. Nazungumzia wale wazee wetu waliokuja huku kusoma miaka ya 70 na 80, wakafundishwa ski na wenzao wa chuo, wakaipenda, na hadi leo wanateleza kwenye njia za ugumu wa kati bila wasiwasi. Kama mzazi wako hawezi kusimama pale anapotaka, kushoto na kulia, kwenye njia ya kawaida iliyopigwa mashine ya kulainisha theluji, asiingie msituni popote, hata kule kwenye mteremko mdogo. Mti haukupishi.

Baba yangu ni mtu wa Marangu, kapita 70, anaishi Boston usawa wa bahari kabisa, mapafu yako fiti, presha anatumia dawa, na goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi. Weka hiyo akilini unaposoma maana maoni yangu yamejengwa juu ya mwili wa aina hiyo, wa kwako anaweza kuwa kinyume chake.

Kimo, hapa ndipo tofauti kubwa ipo

Jay Peak kule chini kwenye maegesho ni kama mita 550 tu, na kilele chake hakifiki mita 1,250. Yaani juu kabisa ya Jay uko chini kuliko Nairobi mjini. Mzee anatoka Boston, anafika jioni, analala vizuri, asubuhi anaamka kama yuko kwake, hamna kichwa kuuma, hamna kuhema wakati wa kufunga buti.

Steamboat pale chini gondola, vile vibanda vinavyopanda mlima vikining'inia kwenye waya, inapoanzia ni karibu mita 2,100, sawa na Eldoret, na juu kabisa ni mita 3,221. Kwa wanaoujua mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshakipita kituo cha Mandara chenye mita 2,720 na unaelekea Horombo kwenye 3,720. Ila Marangu unapanda kwa miguu pole pole mwili unazoea njiani, wakati Steamboat ile gondola ya Wild Blue inakuchukua kutoka chini hadi Sunshine Peak kwa dakika kumi na kitu, umekaa, unapiga stori, ukishuka uko juu ya mita 3,100 na mwili haujaambiwa chochote. Kwenye kimo hicho hewa ina oksijeni pungufu karibu theluthi moja kuliko usawa wa bahari. Kijana ataona anachoka haraka tu. Mzee mwenye shida ya moyo au mapafu ni habari nyingine kabisa, na hiyo ni ya kwenda kuongea na daktari wake kabla hujakata tiketi ya ndege, sio ukishafika.

Na hata mzee mzima wa afya, usiku wa kwanza usingizi unakatika katika, kichwa kinagonga kidogo, hewa ni kavu sana, na kama anatumia dawa ya presha ile ya kumfanya akojoe mara kwa mara basi maji yanamwisha mwilini bila kujua. Tunavyofanya sisi kwa Colorado ni kulala Denver kwanza, pale ni mita 1,609, kesho yake ndio tunapanda, na siku ya kwanza Steamboat msituni haingii mtu, ni njia laini za chini, chakula, kupumzika. Kwa hiyo ukisikia "siku moja ya ski msituni", Jay Peak kweli inaweza kuwa siku moja. Steamboat siku moja ya msitu inakula siku tatu za mzee, na usipompa hizo siku unampeleka kuteseka.

Magoti

Hapa Steamboat inarudisha deni lote.

Theluji ya kule ina maji kidogo sana, ni nyepesi, ukiichota kwenye glovu ukaipuliza inaruka kama vumbi la unga wa sembe. Wenyewe wanaiita Champagne Powder na wamelisajili hilo jina kama alama yao ya biashara, inasemekana mfugaji mmoja wa pale anaitwa Joe McElroy ndiye alilianzisha miaka ya 50. Kwa goti lenye shida theluji hiyo ni rehema, kila kona inapokelewa laini, hamna yale mapigo ya kugonga gonga yanayopanda kutoka kwenye buti hadi kwenye nyonga. Baba kule anateleza na jioni anashuka ngazi za hoteli bila kushika ukuta.

Vermont ni bahati yako na siku yako. Jay ikipata theluji mpya, ile mawingu yanapogandia juu ya kilele peke yake huku vijiji vya chini vimekauka, wenyeji wanaita wingu la Jay, aisee siku hiyo sidhani kama kuna msitu mashariki ya Marekani unaoushinda. Ila Vermont huwa inanyesha mvua katikati ya Januari, halafu usiku baridi inashuka kila kitu kinaganda, na kumbuka msituni mashine haipiti kulainisha, kilichoganda kinabaki kimeganda mpaka theluji nyingine ianguke. Siku ya hivyo juu kuna ganda gumu, chini kuna shimo, ski inazama upande mmoja upande mwingine inaparaza, na goti la mzee ndio linalipa. Siku hiyo hata baba aseme yuko tayari, mimi simwingizi. Tunabaki kwenye njia zilizopigwa mashine na hatupotezi kitu.

Kwa hiyo kwa kifupi cha mambo, mapafu au moyo una wasiwasi, nenda Jay. Goti au nyonga ndio shida na kifua kiko vizuri, na una siku za kutosha, nenda Steamboat. Kama vyote vina shida msitu usiwe mpango. Kama vyote viko fiti una bahati, endelea kusoma maana yaliyobaki ndio yatakuamulia.

Miti yenyewe

Sehemu kubwa ya misitu maarufu ya Steamboat ni miti ya aspeni, vigogo vyeupe vimenyooka, matawi yako juu, chini hamna vichaka, unaona mbali. Kati ya njia za upande wa Sunshine kuna vipande vya aspeni ambavyo mteremko wake ni wa wastani tu na pembeni yako kuna njia iliyopigwa mashine kama High Noon au Tomahawk, yaani mzee akichoka anakata upande anatoka. Hicho kitu cha kutokea pembeni kina thamani kuliko uzuri wa msitu. Ukizidi kwenda kuna Shadows, hapo mteremko unasimama na miti inakaribiana, halafu Closets ambayo ni ya kubana zaidi. Baba anapenda Shadows asubuhi theluji ikiwa haijakatwakatwa. Closets sijamwambia hata ipo wapi.

Jay ni msitu wa aina nyingine. Juu ni miti ya jamii ya misonobari mifupi iliyopigwa na upepo, imeshikana, ukishuka unakuta betula na maple, matawi madogo madogo yanakuchapa usoni, mapito ni membamba, yanajipinda, huoni kona ya tatu. Kuna gledi nyingi, yaani sehemu za msitu zilizopunguzwa miti ili watu wateleze, na zipo kwenye ramani, za kuanzia ni zile za kiwango cha kati kama Moon Walk Woods na Bushwacker, halafu kuna za watu wazoefu kama Beaver Pond, Timbuktu na Andre's Paradise. Kwa mzee ugumu wa Jay sio sana mwinuko, ni kuamua haraka. Kila sekunde mbili kuna uamuzi, pita kushoto, pita kulia, punguza, kuna gogo. Macho na miguu vinapaswa kuongea haraka, na umri unapunguza hapo hata kwa mtu aliyeteleza maisha yake yote. Nilichokiona kwa baba ni kwamba msitu mwembamba unamchosha kichwa kabla ya miguu, anaanza kusimama mara nyingi, anasema anaangalia mandhari, basi najua imetosha.

Kuna kitu kimoja misitu yote inampa mzee bure, nacho ni mwanga. Siku ya mawingu na theluji kuanguka, njia wazi inakuwa nyeupe tupu, hujui panapopanda wala panaposhuka, na macho ya umri mkubwa yanapata shida zaidi kutofautisha vivuli. Miti inarudisha umbo la ardhi. Baba siku ya mawingu anateleza vizuri zaidi kwenye gledi ya wazi kuliko kwenye uwanja mpana, mradi miwani yake ya theluji ina kioo cha rangi nyepesi, sio kile cheusi cha siku ya jua.

Akianguka

Watu wanalinganisha namna ya kushuka, mimi nalinganisha namna ya kuinuka, kwa sababu na mzazi siku yenu itaishia hapo.

Steamboat siku theluji nyingi imeanguka usiku, mzee akianguka kwa upande, anaweka fimbo chini ajiinue, fimbo inazama mkono unafuata mpaka kwenye kiwiko. Anajaribu tena. Anahema. Uko mita 3,000. Dakika kumi zinaisha na nguvu ya asubuhi yote imeisha nazo. Mfundisheni kabla, kwenye sehemu ya wazi, mpige hata mazoezi mara mbili tatu: ski zote mbili zikae chini yake kwenye mteremko zikatize mlima, fimbo mbili azipishanishe kama alama ya kuzidisha juu ya theluji, aweke kiganja pale zinapokutana ndio asukume, hazizami. Ikishindikana anavua ski ya juu, anapiga goti, anainuka. Jay theluji huwa imeshikana zaidi, kuinuka ni rahisi, ila kuanguka kwenyewe kunauma zaidi na kuna vitu vya kuangukia, mawe, visiki, vijito ambavyo mapema kwenye msimu bado havijafunikwa.

Halafu kuna mashimo ya chini ya miti, hili naomba lisomwe vizuri. Mti wa jamii ya misonobari wenye matawi ya chini unazuia theluji isikae kwenye shina, kwa hiyo kuzunguka shina kunabaki shimo la theluji legelege ambalo juu halionekani. Mtu akitumbukia kichwa chini hawezi kujitoa, na kwenye majaribio yaliyofanywa Amerika Kaskazini 90% ya watu waliowekwa humo makusudi hawakuweza kutoka wenyewe, hao ni watu wenye afya waliojua kinachokuja. Anayeokoa ni mwenzio aliyekuona unaingia. Aspeni hazina hatari hiyo kwa kiasi kile kwa sababu hazina matawi ya chini, ila Steamboat ukipanda juu zaidi misonobari ipo na theluji ni ya kina, kwa hiyo hatari ipo kweli. Jay pia ipo siku za theluji nyingi. Popote utakapokuwa, kamba za fimbo zisiwe mkononi, kila mtu awe na filimbi shingoni, na msipotezane.

Sasa nani atangulie? Wengi wanaweka mzee nyuma ili kijana amwonyeshe njia, inaonekana ni heshima na ni usalama. Mimi naona kinyume. Ukiwa mita 30 chini yake na kaanguka, kupanda mlima kwenye theluji ya mapajani kwa ski ni kazi ya dakika nyingi, na zile ni dakika za pumzi. Mzee atangulie, wewe uwe juu, unamwona, akianguka unateleza mpaka alipo. Kama mko watatu yeye awe wa pili. Mnakwenda vipande vifupi, kona tano sita, mnasimama mnaonana, mnaitana. Baba alikuwa hapendi, anasema "mwanangu unanichunga kama mbuzi", nikamwambia "baba, mimi nafuata alama zako tu", akacheka akatangulia, na tangu hapo ndio utaratibu.

Vermont kuna sheria pia, ukitumia lifti za mlima halafu ukatoka nje ya maeneo yaliyofunguliwa ukapotea, gharama za kutafutwa unaweza kudaiwa wewe. Gledi iliyo kwenye ramani na haijafungwa na watu wa doria, ingia. Kamba ikiwa imefungwa usiinamie kupita, hata uone alama za watu mia wamepita. Na Jay, kwa kuwa mpaka uko karibu, simu huwa inaweza kudaka mtandao wa Kanada, redio ndogo za mkononi zinasaidia zaidi.

Baridi, lifti na choo

Jay ni baridi yenye upepo na unyevu, inaingia. Ile lifti ya viti ya Green Mountain Flyer wenyeji wameipa jina la friza na hawatanii. Januari nyuzi 20 chini ya sifuri sio ajabu, ukiongeza upepo, vidole vya mtu wa miaka 70 vinapoteza hisia wakati wewe bado unaona kawaida. Kuna lile gari la waya la watu 60 linaloenda hadi kileleni, la pekee Vermont, limefungwa pande zote ila mnasimama mmebanana, unashuka ski zikiwa mkononi na upepo unakupokea palepale, na sehemu za mwanzo kutoka kileleni ni ngumu. Upepo ukizidi wanalisimamisha. Kwa baba tunaacha kilele, lifti za chini zinatosha kufika kwenye gledi zake.

Steamboat kwa hili imeshinda wazi. Gondola ya kukaa ya watu 10, unafungiwa mlango, mzee anapumzisha miguu, anakula karanga, anavua glovu anapasha vidole. Jua lipo siku nyingi. Kitu cha kuchanganya ni kwamba asubuhi mjini kunaweza kuwa na baridi kuliko mlimani, baridi inalala bondeni kwenye mto Yampa, kwa hiyo msimvalishe kwa kuangalia kipimajoto cha hoteli. Vyoo na mahali pa kuketi vipo juu mlimani kwenye vituo kama Thunderhead na Four Points. Jay sehemu kubwa ya huduma iko chini kwenye vituo viwili, Tramside na Stateside, ila mlima ni mfupi kwa hiyo mnafika haraka. Msione aibu kupanga choo, wanaume wa umri huo wanajua ninachosema, na mzee anayebana mkojo hanywi maji, na asipokunywa maji kimo kinamkamata.

Vifaa

Hii ni fupi ila isirukwe. Vifungio vya ski, bandingi, vina jedwali la kupimia nguvu ya kufunguka, na mtu wa miaka 50 na kuendelea anashushwa hatua moja ili buti liachie mapema zaidi. Wazee wengi wanaandika kwenye fomu umri wa zamani au wanasema wao ni wazoefu wafungiwe ngumu. Simama pale kaunta, hakikisha umri umeandikwa sahihi. Ski za upana wa kati ya milimita 95 na 105 chini ya buti, fupi kidogo kuliko alizozoea, zinageuka kwa nguvu ndogo msituni. Helmeti ni lazima. Na kama mzazi anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kugonga kichwa hata kidogo ni jambo zito, hapo mimi ningesema msitu umeshajibiwa, abaki kwenye njia wazi.

Hela na njia

Kutoka Burlington Jay ni saa moja na nusu hivi kwa gari, kutoka Boston ni karibu saa nne, kutoka Montreal chini ya saa mbili au hapo hapo. Mnaweza kuangalia utabiri Alhamisi mkaamua Ijumaa, na kwa mlima unaotegemea bahati ya theluji huo uhuru ni mkubwa sana. Steamboat kutoka Denver ni kama kilomita 250, saa tatu barabara ikiwa nzuri, mnapita Rabbit Ears Pass yenye mita 2,873 na theluji ikikaza hapo saa tatu zinakuwa tano. Kuna uwanja wa ndege wa Hayden karibu zaidi, ghali zaidi, ila kwa mzee mimi ningelipa hiyo tofauti kama amekwishalala Denver usiku mmoja. Tiketi ya siku dirishani Steamboat siku za msimu mkubwa inapita dola 200, Jay ni karibu nusu ya hiyo. Jay iko kwenye Indy Pass, kadi ya msimu ya milima mingi, ambayo inakupa siku mbili kwa kila mlima, Steamboat iko kwenye Ikon, kadi nyingine ya aina hiyo. Baada ya ski Steamboat ina chemchemi za maji moto, Old Town pale mjini katikati, mzee aingie hapo nusu saa na goti litashukuru. Jay wana bwawa la ndani lenye michezo ya maji, wajukuu wanalipenda kuliko mlima.

Baba ana stori anayoipenda kuhusu milima hii miwili, ya Billy Kidd, mzaliwa wa Burlington aliyekulia kwenye theluji ya Vermont, akachukua medali ya fedha ya slalomu, mbio za kupita kati ya vijiti, kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964, yeye na mwenzake Jimmie Heuga wakawa wanaume wa kwanza wa Marekani kupata medali za Olimpiki kwenye ski za kushuka mlima, halafu 1970 akahamia Steamboat akakaa huko. Baba anasema mtu aliyefundishwa na barafu ya Vermont anaijua thamani ya theluji ya Colorado, na ukimsikia anavyoisema utajua mwenyewe angependa kuishi wapi.

Milima mingine mtakayotajiwa

Mad River Glen, Vermont, nauheshimu sana, unamilikiwa kwa ushirika na wanaski wenyewe tangu 1995 na misitu yake ni ya kweli. Ila ile lifti yao maarufu ni ya kiti cha mtu mmoja mmoja, maana yake mzazi wako anapanda peke yake kwenye baridi, huwezi kumfunika wala kumuuliza yuko vipi. Kwa mzee wa 70 mimi hapana. Winter Park upande wa Mary Jane ni karibu zaidi na Denver na kuna treni inawafikisha mlangoni, lakini juu ni zaidi ya mita 3,600 na miteremko yake imejaa matuta, goti na mapafu vyote vinapigwa kwa pamoja. Kwa siku ya treni na njia laini, sawa. Kwa msitu na mzazi, hapana.

Siku yenyewe inavyogawanywa

Popote mtakapochagua, msitu ni wa asubuhi. Njia mbili laini za kupasha mwili, halafu gledi moja, halafu njia laini ya kupumua, halafu gledi nyingine kama anataka mwenyewe. Muulize swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa heshima tu, usiseme "baba uko sawa?" maana atasema niko sawa hata kama hayuko, sema "baba tupite hii pana au tuingie tena?" halafu fuata alichochagua bila kubishana. Kula saa tano na robo kabla ya foleni. Baada ya chakula msituni msirudi, miguu imepoa, theluji imekatwa, mwanga unaondoka, na vijana wamejaa wanapita kasi.

Tarehe nazo zina tofauti. Jay kabla ya katikati ya Januari magogo bado yako wazi, mimi nangoja Februari mwishoni au Machi, theluji imejaa, siku ni ndefu, baridi imepungua makali. Steamboat kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Februari ndio theluji yake ni kavu zaidi, Machi jua linaanza kuilainisha mchana na aspeni zinazotazama jua zinakuwa nzito kwa goti ikifika saa sita. Wiki ya sikukuu ya Marais katikati ya Februari iepukeni kote, na kama mmeshakata tiketi za Jay halafu utabiri unaonyesha mvua siku mbili kabla, pigeni simu msogeze siku kama wanaruhusu, msiende kwa sababu tu mmeshalipa.